Mjomba, hatifungani ni deni

Kila uchaguzi ukikaribia hapa California, simu yangu haikai kimya. Mwaka 2024 ulikuwa ujumbe wa sauti wa dakika nne kwenye kundi letu la Waswahili wa Sacramento, kutoka kwa mzee ninayemheshimu sana, kuhusu hatifungani, yaani hati ambazo serikali huuza ili ikope pesa na kuzilipa polepole pamoja na riba: "Wanangu, hii haiongezi kodi. Pigeni ndiyo, mkalale." Sentensi hiyo nimeisikia msikitini, arusini, na safari moja kwenye foleni ya sambusa. Kazi yangu ni bajeti za serikali za mitaa, kuzisoma na kutafuta zinapovuja. Kwa hiyo, mjomba, shikamoo, lakini leo nakujibu hadharani.

Novemba 2024 tulipewa mapendekezo 10 ya jimbo zima, yaani hoja za kupigiwa kura ya ndiyo au hapana. Mawili yalikuwa ya hatifungani, kila moja dola bilioni 10: Pendekezo la 2 kwa majengo ya shule na vyuo vya jamii, Pendekezo la 4 kwa maji, moto wa misitu na tabianchi. Yote mawili yalipita. Na ni kweli, hakuna lililopandisha kodi ya mtu hata senti moja. Mjomba hakusema uongo, na hilo ndilo linaloniudhi. Uongo ningeukanusha kwa mstari mmoja nikaendelea na chai yangu.

Katiba ya jimbo inalikataza Bunge kukopa kwa njia hii zaidi ya dola 300,000 bila idhini ya wapigakura. Ndiyo, laki tatu; kiwango hicho ni cha karne ya 19, na siku hizi kwa jimbo ni senti za karanga. Ndiyo maana karatasi ya kura inakufikia wewe. Huulizwi kama unapenda shule au maji safi. Unaulizwa kama jimbo likope.

Deni hilo hulipwa kutoka Mfuko Mkuu, chungu kilekile kinacholisha vyuo vikuu, mahakama, magereza na Medi-Cal, bima ya afya ya jimbo kwa wenye kipato kidogo. Katiba imeshapanga nani ale kwanza: shule za umma, halafu wenye hatifungani, halafu wengine wote. Hapo ndipo watu wananipotea. Kodi haijaongezwa, maana yake mchele haukuongezwa. Kilichoongezwa ni mgeni kwenye sinia, tena mgeni anayekula kabla ya wenye nyumba. Mwaka wa mapato mazuri hakuna anayemwona. Mwaka wa mapato kuanguka, Bunge haliwezi kumwambia arudi kesho; linachoweza ni kuwaminya waliokaa nyuma yake. Mwanafunzi akiongezewa ada chuoni mwaka huo, hakuna atakayemtajia kura ya mjomba wake, na hata mimi siwezi kukuonyesha senti ipi ilitoka wapi. Najua tu chungu ni kimoja.

Kijitabu cha wapigakura kilieleza haya waziwazi. Ofisi ya Mchambuzi wa Bunge ilikadiria kwamba Pendekezo la 4 litaligharimu jimbo kama dola milioni 400 kwa mwaka, kwa miaka 40. Zidisha: bilioni 16 kwa mkopo wa bilioni 10. Pendekezo la 2, kama milioni 500 kwa mwaka kwa miaka 35. Kijitabu hicho hutumwa bure nyumbani. Kwa wengi wetu hufunikia sufuria.

Sasa niungame. Hesabu za namna ya hiyo bilioni 16 nimezitumia miaka mingi kutishia watu, nazo haziko sawa sana. Dola ya 2060 haitakuwa na uzito wa dola ya leo, kwa hiyo kujumlisha malipo ya miaka 40 kana kwamba yote yanatoka mfukoni asubuhi hii ni ujanja wa mhasibu. Tena riba yenyewe haijulikani mpaka hatifungani ziuzwe, na huuzwa kidogokidogo kadiri miradi inavyoiva. Pendekezo 1A la 2008 liliruhusu dola bilioni 9.95, sehemu kubwa kwa treni ya mwendo kasi. Miaka ikapita na kesi zikaenda mahakamani kabla fedha nyingi hazijaguswa. Kura yenu ya ndiyo ni ruhusa ya kukopa. Lori la pesa haliji kesho yake.

Na kuna jambo linaloninyima usingizi zaidi: paa la shule linalovuja lisipozibwa kwa mkopo, huzibwa na nini? Mara nyingi haliguswi, na miaka kumi baadaye si paa tena, ni jengo zima. Mkopo nao unaweza kuwa nafuu. Sina fomula ya hili, na anayekwambia anayo anagombea cheo.

Halafu mjomba akachanganya. Kwenye karatasi ileile kulikuwa na hatifungani ya wilaya ya shule, naye akaipitisha kwa wimbo uleule wa "haiongezi kodi". Hapana! Mapendekezo ya jimbo yana namba. Ya mitaani kwenu yana herufi. Ile ya herufi hulipwa kwa kuongezwa kwenye kodi ya majengo, juu ya ile asilimia 1 iliyowekwa na Pendekezo la 13 la 1978. Tangu 2000, ya shule inaweza kupita kwa asilimia 55 badala ya theluthi mbili. Umepanga nyumba? Usidhani haikuhusu: mwenye nyumba wako anamiliki kikokotoo.

Sheria zinazofikishwa kwenye kura kwa saini za wananchi ni mnyama mwingine, sizimalizi leo. Jua tu kwamba zikishapita, Bunge haliwezi kuzibadilisha bila kurudi kwa wapigakura, isipokuwa sheria yenyewe iruhusu. Pendekezo la 22 la 2020, la madereva wanaoitwa kwa programu za simu kama Uber, liliruhusu, kwa sharti la kura saba ya nane Bungeni. Saba ya nane! Kamati ya arusi haijawahi kufikia hapo hata kwenye rangi ya sare.

Mjomba alisikiliza yote haya kwa simu, kisha akauliza, "Basi wewe ulipiga nini?" Nikamwambia la 2 nilipiga ndiyo. La 4 nililiacha mpaka mwisho, kalamu mkononi, nikahesabu tena, nikapiga ndiyo vilevile. Akacheka mpaka akakohoa.