Konferensi ya michezo ya vyuo Marekani ni nini? Kisa cha WAC

Kijana wa Iten au wa Mbulu akipata ufadhili wa kwenda kukimbia katika chuo cha Marekani, haipiti wiki utalisikia na neno konferensi. "Chuo chake kiko Big 12." "Mwezi ujao wana mashindano ya konferensi." Mzazi anaitikia kwa kichwa tu. Kwetu konferensi ni ukumbi wenye viyoyozi, chupa za maji mezani na mgeni rasmi aliyechelewa.

Huko haihusiani na ukumbi. Konferensi ni kundi la vyuo vikuu vilivyokubaliana kushindana vyenyewe kwa vyenyewe kila mwaka, katika michezo mingi kwa wakati mmoja: kandanda ya Kimarekani, mpira wa kikapu, riadha, kuogelea, voliboli na mingine. Vinatafuta bingwa wao, vinauza haki za televisheni kwa pamoja, vinagawana kinachopatikana. Juu yao kuna NCAA, chombo kinachoandika kanuni na kuendesha mashindano mengi ya taifa, lakini NCAA haimpangii mtu akae na nani. Bingwa wa konferensi, katika michezo mingi, hupata tiketi ya moja kwa moja ya kwenda mashindano ya taifa.

Usiseme basi ni ligi. Kwenye ligi tuliyoizoea timu hupanda daraja na kushuka. Kwenye konferensi hakuna kupanda wala kushuka. Timu inaweza kufungwa miaka kumi mfululizo na isiguswe, na nyingine ikashinda kila kitu isialikwe popote. Unaingia kwa kupigiwa kura na wakuu wa vyuo waliomo, na unatoka kwa hiari yako, mara nyingi ukilipa faini ya kuondoka. Kwa maoni yangu kitu kinachofanana nayo zaidi hapa kwetu ni kikoba. Wanachama wanachaguana, wanachanga, wanagawana, na anayesikia kikoba cha mtaa wa pili kinagawa zaidi haachi kuulizia nafasi.

Sijaona kisa kinachoeleza haya vizuri kuliko cha Western Athletic Conference, yaani WAC. Ilianzishwa mwaka 1962 na vyuo sita vya nchi kavu na milima ya magharibi: Arizona, Arizona State, Brigham Young, ambacho wote hukiita BYU, New Mexico, Utah na Wyoming. Ramani yake ilikuwa na mantiki, kwani majimbo yalipakana. Muda mfupi baadaye wakaingia Colorado State na chuo cha El Paso, mji wa Texas ulio mpakani kabisa na Mexico, kinachojulikana kama UTEP.

Hapo ndipo historia hii inapoingia nyumbani. Katika miaka ya 1970 UTEP ilianza kuwachukua wakimbiaji kutoka Afrika Mashariki. Kutoka Kenya walikwenda Wilson Waigwa na Michael Musyoki, kutoka Tanzania Suleiman Nyambui, Gidamis Shahanga na Zakaria Barie. Nyambui alichukua medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, na mwaka huohuo akawa bingwa wa vyuo vyote vya Marekani katika mbio za nyika. Baadaye nyumbani tulimjua kama katibu mkuu wa Riadha Tanzania.

Matokeo ya mbio za nyika za vyuo mwaka 1981 yanafaa kutazamwa kwa karibu. Katika mchezo huo timu hukimbiza watu saba, watano wa kwanza ndio wanaohesabiwa, na kila mmoja huleta pointi sawa na nafasi aliyomalizia. Mwenye pointi chache ndiye mshindi. Timu ikishika nafasi ya kwanza hadi ya tano bila mtu kuingilia kati, inapata 15, na chini ya hapo haiwezekani. UTEP walipata 17. Bingwa wa taifa zima siku hiyo alikuwa mwanachama wa WAC, na wakimbiaji wake wengi walikuwa wametoka upande wetu.

Lakini kucheza pamoja kila mwaka si kupendana. Oktoba 1969 wachezaji 14 weusi wa Wyoming walitaka kuvaa vitambaa vyeusi mkononi watakapocheza na BYU, chuo cha kanisa la Mormon, kwa sababu kanisa hilo wakati huo lilikuwa likiwanyima wanaume weusi ukuhani. Walikwenda kumuuliza kocha wao, Lloyd Eaton. Akawafukuza wote 14 kwenye timu, palepale, mkesha wa mechi. Timu ilikuwa haijapoteza mechi msimu ule. Kanisa lilibadilisha msimamo mwaka 1978. Chuo cha Wyoming kiliwaomba radhi rasmi mwaka 2019, miaka 50 baadaye.

Kuhama kulianza taratibu. Mwaka 1978 Arizona na Arizona State walikwenda kwa matajiri wa pwani ya Pasifiki, konferensi ya Pac-8, ambayo kwa kuwapokea ikajiita Pac-10. (Kwenye ulimwengu huu namba huwa kwenye majina, na karibu zote mwishowe huwa za uongo.) WAC ikaziba pengo kwa San Diego State, kisha Hawaii, kisha chuo cha jeshi la anga cha Air Force. Haikudhoofika sana. Mwaka 1984 BYU walicheza mechi 13 wakashinda zote 13 na kutangazwa mabingwa wa taifa wa kandanda ya Kimarekani. Enzi hizo ubingwa huo ulipatikana kwa kura za waandishi na makocha, na wapo walionung'unika kwamba BYU hawakukutana na timu ngumu. Manung'uniko hayo yenyewe yanaeleza uzito wa konferensi, maana mwenye jirani dhaifu hushinda akaambiwa hajashinda mtu.

Mwaka huohuo wa 1984 likatokea jambo lililobadilisha kila kitu, na halikutokea uwanjani. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba NCAA haina haki ya kuhodhi matangazo ya televisheni ya kandanda ya vyuo. Kabla ya hapo NCAA ndiyo iliyopanga mechi ipi ionyeshwe na mara ngapi. Baada ya hapo kila konferensi ingeweza kwenda sokoni na bidhaa yake. Kuanzia siku hiyo swali halikuwa tena jirani yangu ni nani. Likawa: nikikaa na nani, televisheni italipa zaidi?

Konferensi kongwe ya Texas, Southwest Conference, ilikufa mwaka 1996 kwa sababu hiyo, pamoja na kashfa za kuwalipa wachezaji kwa siri. Vyuo vyake vinne vikubwa viliungana na konferensi ya Big Eight kuunda Big 12. Waliobaki walitafuta pa kujishikiza, na WAC ikafungua mlango. Mwaka 1996 ilipokea wageni sita kwa mpigo: Rice, TCU na SMU kutoka Texas, Tulsa kutoka Oklahoma, San Jose State kutoka California, na UNLV kutoka Las Vegas. Ikawa na vyuo 16 katika majimbo tisa na kanda nne za saa. Kutoka Honolulu hadi Tulsa ni karibu kilomita 6,000, mbali kuliko Dar es Salaam hadi Cairo, na safari hiyo haikuwa ya kandanda peke yake. Wachezaji wa voliboli nao walipaswa kuifanya, na mitihani ikiwangoja.

Timu 16 haziwezi kukutana zote katika msimu mmoja, kwa hiyo waligawanywa mafungu manne ya timu nne, na mafungu mawili mawili yakaunda divisheni mbili: Pasifiki na Milima. Mafungu ya pembeni hayakuhama, lakini mawili ya katikati yalibadilishana divisheni kila baada ya miaka miwili. Kama umelazimika kusoma sentensi hiyo mara mbili, huko peke yako. Shabiki hakujua mwaka huu anashindana na nani. Na fungu la Texas na Oklahoma lilipangwa divisheni ya Milima, wakiwemo Rice wa Houston, mji tambarare kama meza, jirani na Ghuba ya Mexico. Mlima wa Houston mimi sijauona kwenye ramani yoyote.

Ilidumu misimu mitatu. Mwaka 1998 wakuu wa vyuo vitano, Air Force, BYU, Colorado State, Utah na Wyoming, walikutana kimyakimya kwenye uwanja wa ndege wa Denver. Hawakwenda ofisi ya mtu wala makao makuu ya konferensi. Uwanja wa ndege una faida yake: kila mtu anatua, anaongea, anapanda tena ndege, na hakuna anayeuliza ulikuwa wapi. Hesabu yao ilikuwa nyepesi. Mapato yaliyokuwa yakigawanywa kwa wachache sasa yaligawanywa kwa 16, nauli zimepanda, na mahasimu wa jadi hawakuwa tena na uhakika wa kukutana kila mwaka. Mei 1998 walitangaza kwamba wanaondoka. Wakawachukua New Mexico, San Diego State na UNLV, na mwaka 1999 vyuo hivyo vinane vikaanza konferensi mpya, Mountain West.

UTEP hawakualikwa. Walikuwa wamekaa na majirani hao kwa miongo mitatu.

Kisheria waliohama ndio waliotoka, na WAC ikabaki na jina na rekodi zake, lakini kati ya waasisi sita hakuna hata mmoja aliyekuwemo tena. Watu wa Dar wanalielewa jambo hili bila kufundishwa. Kariakoo ilipata jina kutokana na wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Carrier Corps. Wapagazi hawapo siku nyingi. Jina linauza nguo na vyombo vya plastiki.

Na jina hilo la WAC liliendelea kupata wapangaji. Nevada waliingia mwaka 2000, Boise State na Louisiana Tech mwaka 2001. Mwaka 2005 UTEP, Rice, SMU na Tulsa waliondoka kwenda Conference USA, wakaingia Idaho, New Mexico State na Utah State. Boise ndio walioipa WAC siku yake kubwa ya mwisho. Tarehe 1 Januari 2007, katika Fiesta Bowl, moja ya mechi kubwa za kufunga msimu wa kandanda ya vyuo, walikutana na Oklahoma, jina kubwa kuliko lao mara nyingi. Mechi ikaingia muda wa nyongeza. Boise walipofunga walibaki nyuma kwa pointi moja; wangeweza kupiga teke rahisi la kusawazisha, wakakataa, wakaamua kutafuta pointi mbili za ushindi. Mrushaji wa Boise, Jared Zabransky, akainua mkono wa kulia kana kwamba anarusha, mpira wenyewe ukiwa umefichwa nyuma ya mgongo katika mkono wa kushoto, mwenzake Ian Johnson akauchukua na kukimbia nao upande wa pili, peke yake. Ikawa 43 kwa 42.

Ushindi wa namna hiyo huleta barua za mialiko. Boise walihamia Mountain West mwaka 2011. Fresno State, Nevada na Hawaii wakafuata mwaka 2012. Mwisho wa msimu huo, mwaka wa 50 tangu kuanzishwa, WAC iliacha kabisa kandanda ya Kimarekani kwa kukosa timu. Ikaendelea na michezo mingine ikiokota wanachama popote. Kwa miaka kadhaa konferensi hiyo "ya Magharibi" ilikuwa na Chicago State ndani yake. Kandanda ilirudi mwaka 2021, ngazi ya chini. Hatimaye Juni 2025 ilitangazwa kwamba jina lenyewe lingeachwa kuanzia msimu wa 2026, na mahali pake kuja United Athletic Conference.

Wakati huo wakubwa walikuwa wanafanya yaleyale kwa fedha nyingi zaidi. Pac-12, mrithi wa ile iliyowachukua Arizona wawili mwaka 1978, ilibaki na vyuo viwili mwaka 2024, Oregon State na Washington State, baada ya kumi kuhama. USC na UCLA, wa Los Angeles, walikwenda Big Ten, konferensi iliyozaliwa kandokando ya Maziwa Makuu ya Marekani na ambayo sasa ina wanachama 18. Arizona, Arizona State na Utah walikwenda Big 12, ambako BYU walishatangulia mwaka 2023. Kwa hiyo wanne kati ya waasisi sita wa WAC wako pamoja tena, katika konferensi inayoitwa kumi na mbili na yenye vyuo 16.

Pac-12 nayo, katika kujifufua, iliamua kuchukua vyuo vitano vya Mountain West: Boise State, Colorado State, Fresno State, San Diego State na Utah State. Vyote vitano viliwahi kuwa WAC. Mountain West, iliyozaliwa uwanja wa ndege ili kuwakwepa wengine, ikalazimika kutafuta wa kujaza nafasi. Oktoba 2024 ikawaandikia UTEP. Nao wakakubali kujiunga kuanzia Julai 2026, kwenda kuungana tena na New Mexico, Wyoming na Air Force, majirani waliowaacha mwaka 1998.