Filamu ya dude yenye bajeti ndogo: maana yake, na kwa nini Splinter inashtua

Filamu ya dude ni filamu ya kutisha ambayo adui wake ni kiumbe chenye mwili: kina uzito, kinararua au kinaambukiza, na kwa namna fulani kinaweza kuuawa. Mzuka hupita ukutani, na muuaji mwenye panga ni binadamu kama sisi. Dude liko katikati ya hao wawili. Kwa kuwa lina mwili, lazima mtu autengeneze mwili huo, auangazie taa na auwezeshe kutembea, na hiyo ndiyo kazi inayokula pesa kuliko zote.

"Bajeti ndogo" haina kipimo kimoja. Marekani, wengi hufuata ngazi za mikataba ya chama cha waigizaji, SAG-AFTRA: filamu isiyozidi dola 300,000, isiyozidi 700,000, na isiyozidi milioni 2. Hata juu ya hapo watu bado huita ndogo, wakilinganisha na filamu za studio kubwa zinazomeza dola milioni 100 na zaidi. Mtazamaji ataitambua kwa dalili nyingine: mahali pamoja pa kupigia picha, waigizaji wachache, usiku mwingi, na dude linaloonekana kwa sekunde chache chache.

Mfano unaostahili watazamaji wengi kuliko uliowapata ni Splinter ya 2008, iliyoongozwa na Toby Wilkins na kupigwa Oklahoma. Iliingia kwenye kumbi chache za Marekani mwishoni mwa Oktoba mwaka huo, ikapita kimyakimya. Wapenzi wawili, Seth na Polly, wanatekwa barabarani na mtoro wa jela, Dennis, aliye na mpenzi wake. Gari linagonga mnyama aliyeota miiba myeusi, tairi linapata pancha, na safari inaishia kwenye kituo cha mafuta kilicho mbali na watu. Wanajifungia dukani nyuma ya vioo, na dude liko nje.

Muhtasari huo hauna jipya. Upya uko kwenye kanuni za dude, yaani mipaka yake: linamtambuaje mtu, linaumizaje, linazuiwa na nini. La Splinter ni kimelea kinachofanana na kuvu. Mwiba wake ukikuchoma, kinaingia mwilini na kuanza kuutawala. Kinaendesha nyama na mifupa bila kujali viungo vinakunjika upande gani, ndiyo maana maiti inainuka huku mifupa ikivunjika. Kipande kilichokatwa hakifi; mkono mmoja tu unaweza kutambaa sakafuni na kuwinda. Na kinafuata joto.

Kila moja ya kanuni hizo inazaa tukio, na hakuna hata moja inayohitaji dude kubwa la gharama. Kwa sababu ya mwiba, kidole kilichochomwa kinatosha kuleta hofu ya filamu nzima: tunamwona Dennis akiuguza kidole, kisha tunauona mkono wake ukianza kujipinda wenyewe. Dawa yake ni kuukata, na vifaa vilivyopo ni vya dukani: kisu cha kukatia maboksi na tofali la bloku. Kisu hicho kinaweza kukata nyama lakini hakiwezi kukata mfupa. Kazi ya tofali ni hiyo. Tukio hilo linaogopesha kwa sababu mtazamaji amekwisha kupiga hesabu hiyo kabla ya wahusika kuisema. Kanuni ya joto nayo inamfikisha Seth, mwanafunzi wa biolojia, kwenye mifuko ya barafu ya friji la duka: akiupoza mwili wake vya kutosha, huenda akapita mbele ya dude bila kutambuliwa. Lakini mwili uliopoa hutetemeka, vidole hufa ganzi, na akili huzorota. Njia ya kuokoka ina bei yake, na hapo hadithi inabana zaidi.

Mshangao mwingine ni watu. Dennis anaingia kama jambazi wa kawaida wa sinema, na Shea Whigham anamwigiza hivyo mwanzoni. Kadiri usiku unavyokwenda, tunaanza kumwelewa, na kura yetu inahama. Uandishi wa namna hiyo haugharimu hata senti ya ziada, na ni ajabu filamu nyingi za aina hii zinavyoupuuza.

Namna ya kulificha dude ni ya zamani. Mwaka 1942, mtayarishaji Val Lewton na mwongozaji Jacques Tourneur walitengeneza Cat People wakiwa na pesa kidogo. Mwanamke anatembea usiku kandokando ya ukuta wa bustani, nyayo zinazomfuata zinanyamaza, tunangoja mnyama aruke. Inafika sauti kali, kumbe ni basi linalosimama. Kivuli na sauti vilifanya kazi yote.

Dude likiwa lazima lionekane, kawaida ndani yake kuna mtu aliyevaa vazi, na macho yetu yamezoea mwendo wa binadamu; mazoea hayo ndiyo ya kuvunjwa. Njia rahisi ni mwendo. Ukirekodi fremu (picha mojamoja zinazounda video) 20 kwa sekunde na kuzionesha kwa 24, mwendo unaongezeka kasi kwa asilimia 20, kiasi ambacho jicho linahisi kasoro bila kuijua. Ukifupisha muda wa shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila fremu, kutoka 1/48 ya sekunde hadi 1/200, ukungu unaoachwa na kitu kinachosogea unapungua sana na mwili unaonekana kushtuka-shtuka. Angalizo kwa anayepiga Afrika Mashariki: umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa za tyubu za kawaida hupepesa mara 100 kwa sekunde, na kwa 1/200 mwanga wa picha utachezacheza. Rudi 1/100, au tumia taa za LED zisizopepesa, na uzijaribu kwanza.

Ute wa dude hutengenezwa kwa methiliselulosi, unga wa kuzidishia uzito wa majimaji, wa daraja la chakula, gramu 20 hadi 30 kwa lita ya maji. Unga uchanganywe kwenye maji ya moto, kisha mchanganyiko uachwe upoe ukikorogwa. Ukiutia moja kwa moja kwenye maji baridi unafanya madonge. Sauti ya mifupa hupatikana kwa kuvunja mashina ya mboga ya selari karibu na maikrofoni.

Filamu hizi huharibika kwa sababu zinazojirudia. Mbaya kuliko zote ni kuvunja kanuni: dude lililofuata joto kwa saa nzima linamkuta mtu aliyejipoza kwa sababu tu mwandishi alihitaji afe. Nyingine ni kamera kutikiswa mno ili kuficha vazi, hadi mtazamaji hajui nani yuko wapi. Splinter yenyewe inateleza hapo kwenye mashambulizi ya mwanzo. Picha za kompyuta si kosa, kwani mwongozaji Gareth Edwards alitengeneza mwenyewe za filamu yake Monsters ya 2010 na bajeti yake ikabaki chini ya dola 500,000. Tatizo huja taa za eneo zisipolingana na mwanga uliowekwa juu ya dude, nalo likaonekana limebandikwa.

Kwa hiyo anayetaka kutengeneza ya kwake aanze na jaribio la dakika moja kabla muswada haujafungwa: mtu ndani ya vazi, usiku, chini ya taa zilezile zitakazotumika. Sekunde zitakazoonekana za kweli ndizo za kuandikia matukio, na zilizobaki zihamishiwe kwenye sauti na nyuso za waigizaji.