Refa anayechelewa kupuliza filimbi si lazima awe amehongwa

Ujumbe ule umerudi tena kwenye makundi ya mashabiki hapa Dodoma: eti refa mzuri hupuliza filimbi papo hapo, akichelewa ujue kala mlungula. Si kweli.

Sheria ya 5 ya soka inamruhusu mwamuzi kuacha mpira uendelee kama timu iliyochezewa madhambi itanufaika. Faida isipopatikana ndani ya sekunde chache, anarudi kuadhibu kosa la mwanzo. Fikiria uwanja wa vumbi pale Nkuhungu: winga anakwatuliwa, mpira unamfikia mwenzake, refa kanyoosha mikono mbele, ishara kwamba mchezo uendelee. Mwenzake anateleza, ndipo filimbi inalia. Sisi wa pembeni, tulioanza kupiga kelele kabla hata ya kuiona ile mikono, tunadhani alisitasita.

Wapo kweli wanaochelewa kwa sababu wako mbali na tukio. Hao wanahitaji mazoezi ya kukimbia na kujipanga, na hilo bado si rushwa.

Mechi ijayo mtazame refa mikono, au isome Sheria ya 5 mwenyewe. Ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze.