Nyumba ya bei chee Florida, kiwanja cha nani?

Baridi ikikaribia, Wakanada wanaotaka kukimbia theluji huona matangazo ya nyumba Florida kwa bei ya gari lililotumika, wakaamini wakishalipa wamemaliza.

Bei ni ya kweli. Ila nyingi ni zile nyumba zinazotengenezwa kiwandani na kuletwa kwa lori, na mara nyingi unachouziwa ni kuta na paa tu. Kiwanja kina mwenyewe, naye anadai kodi kila mwezi, hata Julai ukiwa kwako Ontario na nyumba umeifunga. Kodi ikipanda utafanyaje? Nyumba inahamishika kwa jina tu. Kuing'oa ni gharama kubwa, basi unalipa huku unanung'unika.

Halafu kuna bima. Huko ni njia ya vimbunga. Baada ya kimbunga Andrew kupiga mwaka 1992, masharti ya kujenga nyumba hizi yalikazwa mwaka 1994, kwa hiyo nyumba ya kabla ya hapo huenda ukahangaika kuikatia bima. Muulize muuzaji mwaka wa kutengenezwa na kodi ya kiwanja kabla hujagusa bei. Kama unakaa miezi miwili tu, mimi ningepanga nyumba badala ya kununua.