Omu si nguvu: acheni kuchagua pikapu kwa multimita

"Fundi, hiyo pikapu ina k ngapi?" Kila penye magita Kampala utalisikia swali hili, kanisani, kwenye bendi za rumba, kwa wauza vyombo vya mitumba. Pikapu ni kile kifaa cha sumaku na koili ya waya kinachokaa chini ya nyuzi za gita la umeme na kugeuza mtikisiko wake kuwa umeme; k ni kilo-omu, yaani omu elfu moja, zinazosomwa kwa multimita, kipimo cha umeme cha mafundi. Jibu likiwa chini ya kumi, muulizaji ananuna. Anataka 14k, na akipata 16k anafurahi zaidi. Mwulize kwa nini, atakwambia yenye omu nyingi ndiyo yenye nguvu. Si kweli, na imani hii inawapotezea watu pesa na sauti nzuri kwa pamoja. Nalieleza jambo lote hapa mara moja, atakayeuliza tena nitamtumia ukurasa huu.

Omu unazosoma ni ukinzani wa waya wa shaba kwa mkondo mnyoofu, basi. Zinategemea urefu wa waya, unene wake na joto lake. Multimita haioni sumaku, haihesabu mizunguko, wala haijui kama pikapu iko milimita mbili au tano chini ya nyuzi. Sauti inazaliwa pale uzi wa chuma unapotikisika juu ya sumaku na kuuchezesha usumaku unaopita ndani ya koili. Volti zinazotoka hapo zinafuata idadi ya mizunguko na kasi ya badiliko hilo. Ukinzani haumo kwenye hesabu hiyo.

Tuchukue waya wenyewe. Waya namba 42, uliotumika kwenye pikapu nyingi za zamani za Fender na Gibson, una unene wa milimita 0.063 hivi, na kila mita yake ina karibu omu 5.4. Namba 43 ni mwembamba zaidi, karibu omu 7 kwa mita. Zungusha mizunguko 8,000 ya namba 42 kwenye koili ya Stratocaster: umetumia zaidi ya kilomita moja ya waya na unasoma karibu 6k. Zungusha mizunguko ileile 8,000 kwa namba 43, sumaku zilezile, unasoma 7.5k na zaidi. Mizunguko haijaongezeka hata mmoja, kwa hiyo volti ni karibu zilezile. Kilichoongezeka ni wembamba wa waya, na ndicho mnachokilipia.

Ushahidi umo ndani ya gita moja linalojulikana na wote. Pikapu ya shingo ya Telecaster kwa desturi huzungushwa kwa namba 43, ile ya brigi (kule nyuzi zinakoishia kwenye mwili wa gita) kwa namba 42. Mara nyingi ya shingo inasoma omu nyingi kuliko ya brigi, lakini ya brigi ndiyo kali na ndiyo inayosukuma ampu (kikuza sauti). Tazama pia Filter'Tron za Gretsch: zinasoma karibu 4k tu, na hakuna aliyewahi kuzisikia akasema ni dhaifu. Kwa pikapu zenye betri, kama EMG, namba ya multimita haina maana yoyote, kwani unachopima ni sakiti iliyo mbele ya koili.

Halafu kuna joto, ambalo watu hawalifikirii kabisa. Shaba huongeza ukinzani kwa karibu asilimia 0.39 kwa kila nyuzijoto moja. Pikapu yenye 7.5k kwenye nyuzijoto 20 itasoma karibu 7.3k Kabale asubuhi ya nyuzijoto 12, na karibu 8.1k ikitoka ndani ya gari lililosimama juani Arua kwenye nyuzijoto 40. Ni pikapu ileile. Anayekuuzia "8k" badala ya "7.5k" kwa bei ya juu anaweza kuwa anakuuzia jua.

Sasa niseme kinachoniudhi hasa, maana hapo ndipo wapigaji wa sebene, ile sehemu ya rumba inayochangamka kwa gita, wanapoumia. Ni kweli kwamba mizunguko mingi inaleta volti nyingi. Lakini mizunguko inaleta pia induktansi (tabia ya koili kupinga badiliko la mkondo, hupimwa kwa henri), nayo inakua kwa mraba. Kila pikapu ina kilele, yaani eneo la sauti inalolisukuma mbele kuliko mengine, na juu ya hapo sauti inaanguka haraka. Kilele hicho kinatokana na induktansi ya koili pamoja na kapasitansi (uwezo wa kushika chaji, hupimwa kwa faradi) ya koili na kebo. Kebo ya kawaida ina karibu pikofaradi 100 kwa mita. Kebo ya mita 6 ni 600, ongeza 120 za koili upate 720. Pikapu ya henri 2.4 kwenye mzigo huo ina kilele karibu Hz 3,800. Ongeza mizunguko kwa robo, kutoka 8,000 hadi 10,000. Volti zinapanda kwa robo, yaani karibu desibeli 2. Induktansi inapanda hadi henri 3.75, na kilele kinashuka hadi karibu Hz 3,060. Umepata desibeli 2, ambazo ungezipata kwa kugusa tu volyumu ya ampu, na umetupa Hz 700 na ushee kutoka eneo la sauti ambapo kidole kikigonga uzi husikika. Sebene inaishi hapo. Gita la solo linalotakiwa kupenya juu ya ngoma, besi na kinanda haliwezi kupenya ukishalizika kwenye matope ya 16k.

Mwenye kutaka sauti nene ya roki yenye kukwaruza, mizunguko mingi inamfaa na sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni kwa fundi anayemfungia mpiga rumba pikapu ya namna hiyo kwa sababu namba ilikuwa kubwa.

Njia ya bei rahisi ya kurudisha ukali ni kufupisha kebo. Henri 2.4 zilezile kwenye kebo ya mita 3 zina kilele karibu Hz 5,000. Jaribu hilo kabla hujanunua chochote.

Multimita ina kazi yake, nayo ni kutambua pikapu iliyokufa. Chomeka kebo kwenye gita, fungua volyumu na toni hadi 10, swichi iwe kwenye pikapu moja, weka skeli ya 20k, pima kwenye ncha ya kebo. Volyumu ikiwa 10 unapima pikapu sambamba na poti (ile resista inayozungushwa kwa kitasa cha volyumu), kwa hiyo pikapu ya 8k kwenye poti ya 500k itasoma 7.87k. Volyumu ikiwa imerudishwa katikati utasoma makumi ya kilo-omu au hata zaidi ya 100k, na hapo mafundi wengi hutangaza pikapu imekufa na kuanza kuuza nyingine. Ukiona haisomi kabisa, waya umekatika, mara nyingi pale mwanzo wa koili unapolehemiwa, ambapo jasho na kutu hufika kwanza. Pikapu iliyokatika inaweza bado kutoa sauti nyembamba sana isiyo na besi, kwa hiyo kusikia kitu hakumaanishi kwamba ni nzima.

Ubovu ambao multimita inaficha ni mizunguko iliyoshikana. Ikishikana 500 kati ya 8,000, omu zinashuka kutoka 7.5k hadi karibu 7k, na utasema ni kawaida. Lakini mizunguko hiyo inageuka mzigo unaonyonya kilele, na sauti inakuwa butu hata ukibadilisha nyuzi. Hapo unahitaji kipimo cha induktansi. Kitumie kwenye Hz 100 au 120, maana kwenye Hz 1,000 vyuma vya pikapu vinaanza kupotosha namba.

Henri nazo hazimalizi habari. Pikapu mbili zenye henri sawa zinaweza kutofautiana waziwazi masikioni kwa sababu ya nguvu ya sumaku, aina ya chuma cha nguzo (vile vichwa vya chuma chini ya kila uzi), na kifuniko. Kifuniko cha shaba ya njano (brass) ya bei rahisi kinakula sauti za juu kuliko cha nikeli-silva. Namba moja ya kueleza yote hayo haipo, na anayedai anayo msimwamini, hata akiwa mtengenezaji.

Urefu wa pikapu una nguvu kuliko watu wanavyodhani. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho, pima kutoka chini ya uzi hadi juu ya nguzo. Kwa pikapu za koili moja za mtindo wa zamani anza na milimita 2.4 upande wa besi na 2 upande wa uzi mwembamba. Ukizisogeza karibu mno sumaku zinavuta uzi, noti za juu kwenye shingo zinayumba na tuni haikai. Watu hubadilisha brigi nzima wakati dawa ilikuwa bisibisi.

Kapasita ya toni, kile kipande kinachopunguza sauti za juu ukirudisha toni, nitaipitia haraka. Toni ikiwa 10 kwenye poti ya 500k, kapasita ya 0.022 µF imezuiwa na omu 500,000, yenyewe ina omu 7,200 tu kwenye Hz 1,000. Iwe ya mafuta, ya karatasi au ya plastiki, hapo haisikiki. Pimeni poti badala yake, maana iliyoandikwa 500k inaweza kuwa 400k, na tofauti hiyo inasikika.

Makanisani tatizo mara nyingi si pikapu kabisa. Gita linachomekwa moja kwa moja kwenye njia ya laini ya mixa, yenye impidansi (ukinzani wa mlango kwa mawimbi ya sauti) ya 10k hivi. Pikapu ya koili moja hapo inapoteza asilimia 40 hivi ya volti, na sauti zinaanza kuanguka kutoka Hz 1,200 kwenda juu. Kisha wanaagiza pikapu ya 15k, yenye henri nyingi zaidi, na hali inazidi kuwa mbaya. Nunua DI (kisanduku cha kuunganisha gita na mixa) yenye umeme wake na mlango wa megaomu 1, yaani omu milioni moja. Ampu ya valvu ina megaomu 1 hiyo tayari, mlangoni pa 12AX7 ya kwanza, valvu ndogo inayokuza sauti mwanzoni.

Na mwenye kutaka nguvu kweli aitafute ndani ya ampu hiyo. Hatua ya 12AX7 yenye resista ya 100k juu na 1.5k kwenye kathodi (mguu wa valvu unaotoa elektroni), bila kapasita ya kathodi, inakuza kama mara 32. Lehemu kapasita ya 25 µF, volti 25, sambamba na ile 1.5k, chanya upande wa kathodi (pini 3 au 8), nayo inakuza kama mara 61: desibeli 5 na nusu, kwa kitu cha bei ndogo. Kwa sebene weka 0.68 µF, inainua za kati na za juu na kuiacha besi ilivyo. Ampu nyingi tayari zina kapasita hiyo, kwa hiyo angalia kwanza.

Tahadhari ya omu inaendelea hadi kwenye spika. Spika ya omu 8 inasoma 6 na kitu kwenye multimita, na ni nzima. Msiibadilishe, na msiwashe ampu ya valvu bila spika. Kabla ya kuingiza mkono ndani, chomoa plagi ukutani, kisha toa chaji ya kapasita kubwa za umeme wa ampu kwa resista ya 10k, wati 5, yenye klipu iliyofunikwa, kutoka chanya hadi chesisi (sanduku la chuma la ampu). Pima hadi usome chini ya volti 10, na uiache klipu ikiwa imeshika muda wote wa kazi, kwa sababu kapasita hizo zikiachwa wazi hujirudishia volti zenyewe.