Gazeti la Serikali haliuzwi Mnazi Mmoja: dhana potofu kuhusu machapisho ya Serikali

Mzee mmoja aliingia maktaba akiwa na bahasha ya kaki kwapani. "Shikamoo mzee," nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa nilete Gazeti la Serikali. Nimenunua wiki nzima pale Mnazi Mmoja, tangazo langu silioni." Akaifungua bahasha juu ya dawati. Mlikuwa na Daily News na HabariLeo, matoleo matano, yote yamekunjwa vizuri. Alikuwa akitafuta tangazo linalohusu ardhi ya mtaa wao kule Kinyerezi, na aliyemtuma hakumweleza zaidi ya maneno hayo matatu.

Sikumlaumu hata kidogo. Tangu nianze kazi ya ukutubi hapa Dar es Salaam nimeulizwa swali lake na wanafunzi wa sheria, makarani wa mahakama, hata watumishi wa Serikali yenyewe. Mkanganyiko huu unawagharimu watu nauli, muda, na mara nyingine haki zao.

Dhana: Gazeti la Serikali ni gazeti lolote linalomilikiwa na Serikali

Daily News, ambalo limekuwa na jina hilo tangu 1972, na HabariLeo ni magazeti ya habari. Yanatolewa na kampuni ya Serikali, lakini yanauzwa barabarani kama mengine, yana kurasa za michezo na matangazo ya biashara. Gazeti la Serikali ni kitu kingine kabisa. Linachapwa na Mpigachapa Mkuu wa Serikali, kwa kawaida linatoka Ijumaa, na halina habari za Simba wala Yanga. Ndani yake mna teuzi, notisi za hati za viwanja zilizopotea na matangazo mengine ya kisheria. Uzito wake hasa uko kwenye nyongeza: nyongeza ya miswada, nyongeza ya sheria, na nyongeza ya sheria ndogo, ambamo kanuni, amri na sheria ndogo za halmashauri hupewa namba ya tangazo. Ukisikia wakili anasema "GN namba fulani ya mwaka fulani", yaani Government Notice, Tangazo la Serikali, anazungumzia hilo. Hesabu ya miaka inayoandikwa kwenye ukurasa wa mbele inarudi nyuma hadi 1920, enzi za Waingereza. Ndiyo maana matoleo ya 2015 yana mwaka wa 96.

Kwa Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, sheria iliyopitishwa na Bunge huanza kutumika siku inapotangazwa katika Gazeti hilo, isipokuwa kama imepangiwa siku nyingine. Tarehe ya toleo, basi, ni sehemu ya sheria. Ukiwa na namba ya tangazo na mwaka wake, mkutubi anakuletea ukurasa kwa dakika tano. Mzee wetu hakuwa na namba, alikuwa na kumbukumbu tu kwamba "ilikuwa mwaka wa mvua nyingi", kwa hiyo tulishusha majalada ya miaka miwili, tukafunua ukurasa kwa ukurasa mpaka adhuhuri ikaadhiniwa. Tulilipata. Aliinakili namba kwenye bahasha ile ile, akaniomba niisome tena kwa sauti ahakikishe hakukosea.

Dhana: Sheria inataka nakala zipelekwe maktaba, kwa hiyo zote zipo

Sheria ipo, tena ya siku nyingi. Sheria ya kuweka nakala za vitabu maktaba ilitungwa 1962, mwaka mmoja tu baada ya Uhuru. Maktaba Kuu ya Taifa, ile ya Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania inafanya kazi chini ya sheria ya 1975. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nayo ina haki ya kupokea nakala, na kitengo chake cha East Africana ni hazina ambayo kila mtafiti wa nchi hii anapaswa kuipitia.

Lakini sheria haibebi makasha. Si kila chapisho la Serikali linapita kwa Mpigachapa Mkuu. Wizara inaandaa mwongozo, mradi unalipia uchapaji kwenye mtambo wa mtu binafsi, nakala zinagawiwa kwenye semina pamoja na begi na kalamu, zinazobaki zinafungiwa stoo. Mwaka ukigeuka, aliyeuandaa amehamishwa na ufunguo wa stoo haujulikani ulipo. Hakuna aliyedhamiria kuficha kitu. Hakuna tu aliyekumbuka kwamba maktaba ni mojawapo ya wasomaji.

Kwa hiyo wakutubi hufuata. Wanapiga simu, wanaandika barua, wanapanda daladala kwenda ofisi moja hadi nyingine kuomba nakala mbili za kitu ambacho kilipaswa kuletwa chenyewe. Jambo linaloniuma ni hili: Maktaba ya Bunge la Marekani imekuwa na ofisi Nairobi tangu 1966, inayokusanya machapisho ya Afrika Mashariki, ya Serikali yakiwemo, inayakatalogi na kuyapeleka Washington. Wanafanya kazi nzuri na ninawaheshimu. Ila mtoto wa Temeke anayeandika tasnifu kuhusu Temeke hapaswi kuikuta ripoti ya Temeke kwenye katalogi ya Washington kabla ya kuikuta kwenye rafu ya Dar es Salaam.

Dhana: Kukatalogi ni kuandika orodha ya vitabu

Kama ingekuwa hivyo, karani mmoja na daftari angetosha. Hebu chukua kijitabu kimoja chenye jalada la kijani kilichoandikwa "Ripoti ya Mwaka". Ripoti ya nini? Ya nani? Ukikiorodhesha kwa jina hilo peke yake umekizika. Mkutubi anaangalia mamlaka iliyokitoa, kwa sababu kwa machapisho ya Serikali mwandishi ni ofisi, na hapo ndipo kazi inapoanza.

Ofisi zinabadilika majina. Wizara ya Elimu ya Taifa ya miaka ya sabini imekuja kuwa Wizara ya Elimu na Utamaduni, ikawa Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi, leo ni Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia. Machapisho ya kila kipindi yanabaki chini ya jina la kipindi chake, kisha mkutubi anayafunga pamoja kwa maelekezo ya "tazama pia". Pasipo uzi huo, msomaji anayetafuta sera za elimu kwa jina la wizara ya leo ataamini kwamba nchi haikuwa na mpango wowote wa elimu enzi za UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Vivyo hivyo kabla na baada ya 26 Aprili 1964: ya Tanganyika yanabaki chini ya Tanganyika, ya Muungano chini ya Tanzania. Na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ina machapisho yake na Gazeti lake Rasmi. Kuyachanganya na ya Muungano ni kumpoteza msomaji njia.

Kisha kuna majina ya mitaani, na haya nayapenda kuliko yote. Hakuna anayekuja kuomba ripoti ya Tume ya Rais ya Mfumo wa Chama Kimoja au Vyama Vingi vya Siasa. Anaomba "Ripoti ya Nyalali" ya 1992. Ya elimu ya 1982 ni "Makwetta". Ya ardhi, ya mwanzoni mwa miaka ya tisini, ni "ya Shivji". Watu wako sahihi kuziita hivyo, na katalogi nzuri inawapokea kwa jina walilokuja nalo na kuwapeleka kwenye jina rasmi. Shida ni akija mtu akisema "Naomba ya Warioba." Kuna tume ya 1996 kuhusu kero ya rushwa, na kuna Tume ya Mabadiliko ya Katiba iliyokabidhi rasimu yake ya pili Desemba 2013. Mwenyekiti ni yule yule, mambo ni mbalimbali kabisa. Nimemwona mwanafunzi akiondoka na ya rushwa ilhali mjadala wake ulikuwa wa serikali tatu, uliomo kwenye rasimu ya Katiba. Aliyemhudumia hakumwuliza swali moja la ziada, na katalogi aliyoitegemea haikuwa imezitenganisha.

Baada ya jina inakuja namba. Katika mfumo wa Dewey, ule wa kupanga vitabu rafuni kwa namba za mada, Tanzania inatambulika kwa 678. Takwimu zetu ziko 316.78, sera ya elimu 379.678, historia 967.8. Ukishaushika mkia huo unaweza kupita kati ya rafu ukaitambua nchi yako popote ilipokaa. Kwa hiyo ripoti ya Sensa ya 2022, iliyohesabu watu 61,741,120 nchini na 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, inakaa na sensa zilizoitangulia, na msomaji anaziona zote kwa mtupo mmoja wa jicho.

Dhana: Siku hizi yote yako mtandaoni

Mengi yako, na nafurahi. Mahakama ya Tanzania inaendesha TanzLII, ambako unasoma hukumu, sheria na matoleo ya Gazeti bila kulipa. Bunge linaweka miswada na Taarifa Rasmi za majadiliano. Ofisi ya Taifa ya Takwimu inaweka ripoti zake. Mwanafunzi wa Mbagala mwenye simu na bando leo anafikia vitu ambavyo mimi nikiwa na umri wake nilivifuata kwa miguu.

Hata hivyo wizara ikibadilishwa jina, tovuti nayo hubadilika, na mafaili ya zamani hupotea na anuani yake. Machapisho ya miaka ya sitini na sabini mengi bado ni karatasi tu. Tena faili linalosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp mara nyingi limenyofolewa jalada, halina namba wala tarehe, na anayelisoma hajui kama ni muswada au sheria. Muswada ni pendekezo. Bunge linaweza kuugeuza au kuukataa. Sheria ina namba yake, mwaka wake na tarehe ya Rais kuiridhia. Kingine cha kuangalia: tangu 1 Julai 2025 linatumika toleo la mwaka 2023 la sheria zilizofanyiwa urekebu, yaani zilizochapwa upya pamoja na marekebisho yake, ilhali mafaili ya urekebu wa 2002 bado yanazunguka kwenye simu za watu. Kifungu unachokitaja kinaweza kuwa kimehama namba. Muulize mkutubi toleo lipi umeshika kabla hujalitumia.

Dhana nyingine potofu nazipitia haraka. Kwamba nyaraka za Serikali ni siri: kilichochapishwa kimeshatolewa kwa umma, hakihitaji kuombewa ruhusa ya kusomwa. Ripoti za CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, zikishawasilishwa bungeni, ni za kila mtu. Kwa taarifa ambazo hazijachapishwa, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba, na ofisi ina siku 30 za kujibu. Kwamba kutoa nakala ya sheria ni wizi wa hakimiliki: Sheria ya Hakimiliki ya 1999 haiziwekei ulinzi huo sheria wala maamuzi ya mahakama. Kwamba yote ni Kiingereza: Katiba ya 1977 iliandikwa Kiswahili, hotuba za bajeti na mijadala ya Bunge ni Kiswahili, na tangu marekebisho ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria.

Watu pia huchanganya maktaba na nyaraka. Mafaili ya ofisi, barua na mihutasari ambayo haikuchapishwa huenda Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ile ya Upanga, Barabara ya Vijibweni, na kwa kawaida hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 30. Ukitafuta barua ya mkuu wa wilaya ya 1958, usitusumbukie sisi, nenda Upanga. Na kwamba Serikali imehamia Dodoma haina maana majalada yamehama. Miongo mingi ya machapisho ilitolewa hapa, na hapa ndipo mengi yalipo.

Dhana: Ripoti ya zamani haina kazi

Hii ndiyo inayotunyima vitu kila siku. Mtumishi anastaafu, makasha yake yanakaa ukumbini, wajukuu wanataka nafasi, yanauzwa kwa kilo. Nimewahi kununua karanga Kariakoo zikiwa zimefungwa kwenye ukurasa wa hotuba ya bajeti ya wizara, ya miaka ya themanini. Nilirudi kwa yule dada kumwuliza kama kurasa nyingine zipo. Zilikuwa zimeshakwisha.

Ramani ya mipango miji ya zamani inaamua mpaka wa kiwanja leo. Orodha ya watumishi iliyochapwa miaka hiyo inaweza kuthibitisha utumishi wa mtu anayedai pensheni. Kama nyumbani kwenu, iwe Ilala au Kigamboni, kuna kasha la mzee lenye majalada ya wizara, msilichambue wenyewe kwa kuamua kipi ni taka. Andikeni majina yaliyo kwenye majalada na miaka yake, pelekeni orodha hiyo maktaba, muulize kipi hakipo kwenye rafu. Mwaka jana familia moja ilituletea orodha ya vijitabu kumi na viwili kwenye karatasi ya daftari. Vinne hatukuwa navyo.