Usisome mwaka kwanza, tazama ukingo

Jumamosi nilitoka benki nimekumbatia boksi la sarafu za nusu dola za Marekani: dola 500, sarafu 1,000, zimefungwa kwenye karatasi ishirini ishirini. Keshia amenizoea, haulizi tena kama nafungua duka. Nyumbani nikatandika taulo mezani, maana sarafu zikimwagika juu ya mbao jirani wa chini hugonga dari, nikaanza kazi.

Nikiwaambia Waswahili wenzangu kwamba natafuta fedha benki hucheka. Nani haitafuti huko? Lakini mimi nasema fedha yenyewe, madini. Hadi 1964 Marekani ilikuwa ikitengeneza senti kumi, robo dola na nusu dola kwa fedha asilimia 90, iliyobaki shaba. Bei ya madini ikapanda, watu wakaanza kuzificha, na Julai 1965 Rais Lyndon Johnson akatia sahihi sheria iliyoiondoa fedha kwenye senti kumi na robo. Nusu dola ilipunguziwa tu, ikabaki na asilimia 40 hadi 1970. Thamani iliyoandikwa usoni haikuguswa, kwa hiyo benki inakupa nusu dola ya 1964 kwa senti 50 zile zile inazotoza ya 1994.

Kwa nini nusu dola? Robo na senti kumi zimepita mikononi mwa watu kila siku kwa miaka sitini, zimeshachujwa mno. Nusu dola haina mtumiaji. Ile yenye sura ya Rais Kennedy ilitoka miezi minne tu baada ya kuuawa kwake, watu wakaiweka kama kumbukumbu, zikalala kwenye mikebe. Mzee akifariki, wajukuu hubeba mkebe mzima hadi benki bila hata kuufungua.

Ukianza kusoma miaka moja moja utachoka kabla ya boksi kufika nusu. Chana karatasi, zishike zote ishirini zikiwa zimebanana, uziinamishe kuelekea taa. Za kawaida zina mstari wa shaba pembeni, mwekundu kama waya wa umeme. Ya asilimia 90 ni nyeupe tupu, hupati hata nafasi ya kujiuliza. Mtihani ni ya 40: ukingo wake ni wa kijivu chenye wekundu wa kufifia, na macho yaliyochoka huipita. Miezi yangu ya mwanzo nilikuwa nasaka 1964 peke yake. Za 1967 na 1968 nilizirudisha benki kama takataka, na kila moja ina gramu 4.6 za fedha! Ngapi zilinipita, sitaki hata kukisia.

Ukishuku, pima. Nusu dola ya asilimia 90 ina gramu 12.5, ya 40 ina 11.5, isiyo na fedha 11.34. Hizo mbili za mwisho zimekaribiana na uchakavu huzichanganya, kwa hiyo hapo ndipo mwaka unaposomwa.

Kwenye chenji ya mfukoni mimi hugeuza senti tano tu. Wakati wa vita nikeli ilihitajika jeshini, na kuanzia mwishoni mwa 1942 hadi 1945 ikawekwa fedha asilimia 35. Utaijua kwa herufi kubwa, P, D au S, juu ya kuba la jengo la Monticello lililochongwa nyuma yake.

Zilizobaki usizirudishe tawi ulikozichukua. Utawachosha makeshia, halafu wiki ijayo utauziwa boksi lako mwenyewe. La Jumamosi lilinipa mbili za asilimia 40 na vumbi la karatasi. Yapo yasiyotoa hata moja.

Kwa mnaoniuliza kutoka Mombasa na Tanga: benki za huko msizisumbue, kila nchi ilitoa shilingi yake tangu 1966. Fungueni masanduku ya bibi. Shilingi ya zamani ya Afrika Mashariki, yenye simba na milima nyuma yake, ilikuwa na robo ya fedha hadi zile za 1946. Za 1948 na kuendelea hazina. Ya kwetu ni ya 1942. Bibi aliitoboa akaivaa shingoni, na kwa wakusanyaji tundu lile limeiua bei, ingawa simba hajaguswa.